Moyo kwenda mbio ghafla ukiwa kijana: mwongozo kamili wa kupima njia za matibabu

Kijana wa miaka 20 au 30 anayeambiwa kwamba umeme wa moyo wake una hitilafu, mara nyingi hutoka kliniki akiwa na njia tatu mbele yake: akae hivyo hivyo na kujifunza kuyazima mashambulio, ameze vidonge kila siku, au alazwe ili njia ya umeme iliyozidi moyoni ichomwe. Kitabibu zote tatu zinaweza kuwa sahihi kwa mtu huyo huyo, ndiyo maana daktari humwachia achague. Lakini uchaguzi huo hauwezekani bila kujua mambo mawili: jina kamili la mdundo wako, na mahali hasa ilipo njia yenye hitilafu. Asiyeyajua hayo analinganisha majina ya matibabu tu.

Mwongozo huu unahusu hasa mashambulio ya moyo kwenda mbio yanayoanzia sehemu za juu za moyo, ambayo kwenye cheti huandikwa SVT, pamoja na WPW, yaani moyo wenye uzi wa ziada wa umeme uliopo tangu kuzaliwa. Ndiyo yanayowaletea vijana wengi uamuzi wa aina hii. Midundo mingine tumeigusa pale inapobadilisha hesabu.

Dalili zisizosubiri

Kuna hali ambazo hazina kulinganisha. Nenda hospitali mara moja ukizimia katikati ya mazoezi, au moyo ukienda mbio pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au macho kuingia giza. Fanya hivyo pia kama shambulio limepita nusu saa na mbinu za nyumbani zimeshindwa. Aliyeambiwa ana WPW, kisha akahisi mapigo ya kasi sana yasiyo na mpangilio, asijaribu chochote nyumbani. Aite gari la wagonjwa.

Historia ya ukoo nayo ina uzito. Ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40, aliyezama majini ilhali alijua kuogelea, au aliyeacha njia na gari bila sababu iliyojulikana: mwambie daktari hata kama hajauliza. Matatizo kadhaa ya umeme wa moyo hurithiwa, na vifo vya namna hiyo mara nyingine ndiyo alama pekee iliyoachwa.

Hatua ya 1: Linase shambulio kwenye karatasi

ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, iliyopigwa ukiwa umetulia inaweza kuwa safi kabisa huku tatizo lipo. Kwa hiyo "ECG yako ni nzuri" si jibu la mwisho. Unachohitaji ni ECG ya mistari 12 iliyopigwa wakati moyo unakimbia. Ukifika kituo chochote cha afya shambulio likiendelea na bado uko imara, sema mapema: naomba ECG kabla ya dawa. Wakikupa sindano ya adenosini (kwa kawaida miligramu 6 kwa kasi kwenye mshipa, kisha 12 ikishindikana), omba mashine iendelee kuchapa karatasi wakati dawa inaingia. Zile sekunde chache ambazo mdundo unakatika mara nyingi humwonyesha bingwa aina ya mzunguko kuliko dakika kumi za shambulio lenyewe. Ukiwa na pumu, au umekunywa kahawa nyingi muda mfupi kabla, waambie: ya kwanza inaongeza hatari ya adenosini, ya pili inaipunguzia nguvu.

Kipimo cha kuvaa huchaguliwa kwa kuangalia mashambulio yanakuja mara ngapi. Kama ni kila siku, Holta, yaani kinasa ECG cha kuvaa, ya saa 24 hadi 48 inatosha. Kama ni kila wiki, omba kibandiko cha kifuani cha siku 14. Kama ni mara moja kwa mwezi au miwili, kifaa kidogo cha ECG cha mkononi au saa janja yenye ECG kitakusaidia zaidi ya Holta, kwa kuwa Holta ya siku moja itakunasa ukiwa mzima na kukupa cheti cha kukupotosha. Kama mashambulio ni nadra lakini yanakuangusha, kuna kinasa mdundo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, ambacho betri yake hudumu takriban miaka 3.

Kuhusu saa janja: namba ya mapigo inayosomwa kwa mwanga kwenye kifundo cha mkono hukosea moyo unapokwenda kasi sana. Usiitegemee. Tegemea mchoro wa ECG wa sekunde 30, uhifadhi kama faili na uuchapishe. Ni mstari mmoja tu, kwa hiyo hauchukui nafasi ya ECG kamili, ila unatosha kuonyesha kwamba kasi ni ya mpangilio na kwamba ilianza bila sababu.

Kwa kila shambulio andika saa, ulichokuwa unafanya, kama lilianza na kuisha ghafla au polepole, lilichukua muda gani, na nini kililikatisha. Andika pia mambo mawili ambayo watu huyaona hayahusiani: mapigo kuonekana au kusikika shingoni, na kukojoa sana baada ya shambulio kuisha. Shingo kudunda hutokea chemba za juu na za chini zinapojikaza kwa pamoja, damu ikarudi nyuma kuelekea shingoni, na huelekeza kwenye aina moja ya SVT. Mkojo mwingi hutokana na homoni inayotolewa na chemba za juu zinapotanuka. Wasiwasi wa kawaida nao unaweza kuupeleka moyo mbio, lakini moyo hupanda na kushuka hatua kwa hatua. Hauruki kutoka 75 hadi 190 kwa pigo moja. Vijana wengi, hasa wanawake, huambiwa kwa miaka mingi kwamba ni hofu tu. Maelezo yaliyoandikwa hivi humaliza mjadala haraka.

Vipimo vingine ni vichache: homoni ya tezi ya thairoidi, hemoglobini, potasiamu, magnesiamu, na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti mara moja. Picha hiyo usiiruke hata kama unajisikia mzima, kwa sababu ndiyo inayoamua kama baadhi ya dawa zilizotajwa hapa chini unaruhusiwa kuzigusa.

Hatua ya 2: Jua jina la mdundo wako

Aina ya SVT inayoonekana zaidi ni AVNRT. Kituo cha katikati ya moyo kinachopokea umeme kutoka juu na kuushusha chini, yaani nodi ya AV, huwa kwa watu hawa kina njia mbili: ya haraka na ya polepole. Pigo moja la mapema likiingia wakati njia ya haraka bado haijapumzika, umeme huteremkia njia ya polepole, hupandia ya haraka, na mzunguko unaanza. Mapigo hufika 150 hadi 250 kwa dakika. Inatisha na inachosha, lakini kwenye moyo usio na ugonjwa mwingine ni nadra sana kuhatarisha maisha.

Aina ya pili inatokana na uzi wa ziada wa misuli uliopo tangu kuzaliwa, unaounganisha chemba za juu na za chini nje ya nodi. Uzi ukipitisha umeme kwenda chini, ECG ya utulivu huonyesha alama zake: muda wa PR (umeme kusafiri kutoka chemba za juu hadi za chini) chini ya milisekunde 120, na mwanzo wa QRS (alama ya umeme kuenea kwenye chemba za chini) unaopanda kwa mteremko unaoitwa wimbi la delta. Hiyo pamoja na mashambulio ndiyo WPW, iliyoelezwa mwaka 1930 na Wolff, Parkinson na White. Uzi ukipitisha umeme kwenda juu tu, ECG ya utulivu huwa ya kawaida na ile hatari kubwa ya WPW haipo.

Hatari yenyewe ni hii. Nodi ya AV ina breki: umeme ukija kwa kasi ya kupindukia, huupunguza. Uzi wa ziada mara nyingi hauna breki hiyo. Mwenye WPW akipata mtetemo wa chemba za juu, yaani mdundo wa kasi usio na mpangilio (kwa Kiingereza atrial fibrillation), umeme unaweza kushuka moja kwa moja hadi chemba za chini zikashindwa kusukuma damu. Kwa asiye na dalili kabisa, uwezekano wa kifo cha ghafla ni takriban mtu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka au pungufu. Ni mdogo, ila hurudiwa kila mwaka wa ujana. Bingwa hupima ukali wa uzi kwa kuangalia muda mfupi kabisa kati ya mapigo mawili yanayopita kwenye uzi wakati wa mtetemo huo: milisekunde 250 au chini ya hapo ni uzi wa kuogopwa.

Verapamili, diltiazemu na digoksini, dawa za kupunguza kasi ya mapigo, ni hatari kwa mwenye WPW anapokuwa kwenye mtetemo wa chemba za juu, kwa kuwa zinaifunga nodi na kuuachia uzi njia. Kama una WPW, andika hivyo kwenye kadi uibebe kwenye pochi, na uweke taarifa hiyo kwenye sehemu ya dharura ya simu yako. Daktari wa zamu usiku hana muda wa kutafuta faili lako.

Yapo majina mengine yanayobadilisha mazungumzo yote. Mapigo ya ziada kutoka chemba za chini, yakiwa machache kwenye moyo mzima, huachwa. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na mapigo ya ziada yakizidi sehemu ya kumi ya hayo, misuli inaweza kudhoofika, hivyo hufuatiliwa kwa picha ya moyo. Mtetemo wa chemba za juu kwa mtu wa miaka 25 unadai kutafutwa sababu: thairoidi, pombe nyingi, au SVT iliyojificha inayouchokoza. QT ndefu, ambapo umeme wa moyo huchelewa kujirudisha sawa baada ya kila pigo, ni ya kurithi mara nyingi, hutibiwa kwa nadololi au propranololi, na ina orodha ndefu ya dawa za kawaida zinazokatazwa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Brugada, hitilafu nyingine ya umeme wa moyo, inadai homa ishushwe haraka kila inapotokea. Na moyo unaokwenda mbio kila unaposimama, ukipanda na kushuka polepole, si SVT, na kuchoma moyo wa namna hiyo huharibu kituo chake cha asili bila kuondoa tatizo. Usikubali kuchomwa kabla aina ya mdundo haijathibitishwa.

Hatua ya 3: Jifunze kulizima shambulio vizuri

Kila mwenye SVT anapaswa kuijua mbinu hii, hata anayesubiri kuchomwa. Watu wengi waliofundishwa "kujikaza kama unaenda haja kubwa" hufanikiwa mara chache, wakadhani mbinu ni ya bure. Jaribio la REVERT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba kubadilisha mkao tu kulipandisha mafanikio kutoka asilimia 17 hadi 43.

1. Kaa nusu-umelala, mgongo ukiegemea kwa pembe ya nyuzi 45. Awepo mtu wa kukusaidia.
2. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Vuta na kusukuma pistoni mara moja kwanza ili isigande.
3. Weka mdomo kwenye ncha na upulize kwa nguvu inayotosha tu kuisogeza pistoni. Endelea sekunde 15 mfululizo.
4. Ukiacha kupuliza, lazwa chali mara moja, na msaidizi ainue miguu yako yote miwili kwa nyuzi 45 kwa sekunde 15.
5. Rudi kwenye mkao wa mwanzo, subiri dakika moja, kisha pima mapigo.

Ikishindwa, rudia mara moja au mbili. Makosa ya kawaida ni kupulizia mashavu badala ya kifua, kuacha kwenye sekunde ya saba au nane kwa sababu kichwa kimejaa, na kuchelewa kulala baada ya kupuliza. Hatua ya nne ndiyo yenye kazi: damu ya miguuni hurudi moyoni kwa wingi, shinikizo hupanda, na neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo, huibana nodi. Uso kwenye maji ya baridi sana ni mbadala unaofaa. Kubonyeza macho usifanye kamwe, na kusugua mshipa wa shingo mwachie daktari.

Hatua ya 4: Pima mzigo wenyewe

Sasa chukua kumbukumbu zako na ujibu kwa ukweli. Mashambulio mangapi kwa mwaka? Yanakatika yenyewe au yanakupeleka hospitali? Kuna kitu umeacha kwa sababu yake: kusafiri peke yako, mpira, kuogelea, kazi ya zamu? Je, unaendesha gari la abiria, unarusha ndege, unapanda juu ya nguzo, unapiga mbizi? Kazi kama hizo mara nyingi zina masharti ya leseni yanayodai tatizo liondolewe, si lipunguzwe. Unapanga kupata mimba ndani ya miaka miwili au mitatu?

Mtu mwenye AVNRT, mashambulio mawili kwa mwaka ya dakika tano yanayokatika kwa kupuliza, na kazi ya mezani, ana haki kamili ya kutofanya lolote. Tunalisema wazi kwa sababu vijana wengi huona aibu kuikataa tiba iliyopo. Kusubiri hakufungi mlango, tiba ya kuchoma itakuwepo mwakani pia. Ruhusa hiyo haimhusu mwenye wimbi la delta: hata asipokuwa na dalili, apimwe ukali wa uzi kwanza ndipo aamue kusubiri.

Hatua ya 5: Dawa, na gharama yake kwa mwili wa kijana

Vidonge hupunguza mashambulio, mara chache huyamaliza. Kwa AVNRT na kwa uzi usioonekana kwenye ECG, huanzwa na beta-bloka (dawa zinazopunguza kasi ya moyo) au verapamili au diltiazemu. Bisoprololi huanza kwa miligramu 2.5 kwa siku au hata chini, metoprololi kwa 25 mara mbili. Kwa kijana anayefanya mazoezi, beta-bloka huonekana haraka: kilima ulichokipanda bila kufikiri sasa kinakukata pumzi, mikono inakuwa baridi, ndoto zinakuwa kali, na wanaume wengine hupungukiwa nguvu za kiume. Mwenye pumu anaweza kubanwa. Katika michezo ya kulenga shabaha na upigaji mishale, beta-bloka ni dawa iliyopigwa marufuku. Ukitaka kuiacha, ipunguze hatua kwa hatua chini ya daktari, kwa sababu kuikata ghafla huurusha moyo mbio kuliko mwanzo. Verapamili hufunga choo, diltiazemu huvimbisha vifundo vya miguu.

Flekainidi ni nzito zaidi, kwa kawaida miligramu 50 hadi 100 mara mbili kwa siku. Hapa ndipo ile picha ya moyo inapohitajika. Jaribio la CAST la Marekani, lililosimamishwa sehemu yake kuu mwaka 1989, lilionyesha kwamba dawa hii iliongeza vifo kwa watu waliowahi kupata shambulio la mishipa ya moyo. Kwa hiyo hupewa wenye moyo usio na kovu wala ugonjwa wa misuli. ECG hurudiwa baada ya kuianza, na QRS ikipanuka kwa robo ya upana wake wa mwanzo, dozi hupunguzwa au dawa husimamishwa.

Amiodaroni ina nguvu, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuandikiwa haraka. Kijana mwenye SVT asiikubali kama dawa ya kudumu bila maelezo ya kina. Hujaa kwenye tishu, hukaa mwilini wiki hadi miezi baada ya kuachwa, na huweza kuharibu thairoidi, mapafu, ini na macho.

Kuna pia kidonge cha mfukoni kwa wenye mashambulio machache lakini marefu: dozi moja ya dawa wakati shambulio limeanza, kwa mfano diltiazemu miligramu 120 pamoja na propranololi 80. Dozi ya kwanza inywewe hospitalini, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kushusha presha na mapigo kupita kiasi. Wenye WPW hawapewi mchanganyiko huu.

Ukichagua dawa, ipe wiki sita hadi nane, ulinganishe kumbukumbu za kabla na baada, na uweke wazi tangu mwanzo ni matokeo gani yatakufanya uiache. Bila kipimo hicho watu humeza kidonge miaka kumi wakiwa hawajui kama kinafanya kazi.

Hatua ya 6: Kuchoma njia ya umeme

Madaktari huita abulesheni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imeibadilisha kabisa hali ya wenye SVT, na mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unaipendekeza kwa wenye AVNRT inayojirudia na kuwasumbua, bila kuwataka wapitie vidonge kwanza.

Siku chache kabla, dawa za mdundo husimamishwa, kwa kawaida siku 2 hadi 5 kutegemea dawa. Ukizificha au kuendelea nazo, daktari anaweza kushindwa kuuanzisha mdundo, na mdundo usioanza ni vigumu kuupata ulipo. Usile chakula kwa muda wa saa sita kabla ya utaratibu. Kinena hutiwa ganzi, na mirija myembamba hupitishwa kwenye vena ya paja hadi moyoni, huku ukiwa umepewa dawa ya usingizi mwepesi. Kisha moyo huchokozwa makusudi, mara nyingine kwa dawa ya isoprenalini, na unaweza kuusikia ukikimbia kama kwenye shambulio lako. Vumilia hapo, maana ndiyo dakika inayotafutwa. Mwambie daktari kama ndivyo unavyohisi nyumbani.

Njia ikipatikana, ncha ya katheta, yaani mmoja wa mirija hiyo, hupashwa moto kwa mawimbi ya redio, mara nyingi sekunde 30 hadi 60 kwa kila mguso. Kisha husubiriwa kama nusu saa na moyo huchokozwa tena. Kazi yote huchukua saa 1 hadi 3. Baadaye hulala chali saa kadhaa bila kukunja mguu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Sasa mahali. Kwenye AVNRT huchomwa njia ya polepole, mafanikio yanazidi asilimia 95, na hatari inayowatisha watu, kuunguza nodi yenyewe hadi uhitaji kifaa cha kuendesha mapigo, iko chini ya asilimia 1. Uzi wa ziada ulio kwenye ukuta wa nje, mbali na nodi, una hatari ndogo zaidi ya namna hiyo, ila ukiwa upande wa kushoto daktari hutoboa ukuta kati ya chemba mbili za juu au hupitia ateri, hivyo hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda na kuna uwezekano mdogo wa kiharusi. Uzi unaopita jirani kabisa na nodi ndio mgumu. Kwa mtu wa miaka 24, kifaa cha mapigo ambacho betri yake hudumu takriban miaka 10 maana yake ni kubadilishwa mara tano au sita maishani, na nyaya zinazoweza kuharibika au kupata maambukizi. Katika hali hiyo uliza kuhusu kugandisha kwa baridi: tishu hupozwa kwanza kwa majaribio, nodi ikionyesha kusumbuka husimamishwa kabla ya kovu la kudumu. Njia zilizogandishwa hurudi mara nyingi zaidi kuliko zilizochomwa kwa moto, lakini kurudia utaratibu ni nafuu kuliko kifaa cha maisha. Una haki pia ya kumwambia daktari kabla ya kulala: uzi ukiwa jirani na nodi, simama, tuzungumze kwanza. Liandikwe kwenye fomu ya ridhaa.

Hatari nyingine: kuvuja damu au uvimbe kinenani ndiyo inayoonekana zaidi, na damu kujaa kwenye mfuko wa moyo ni chini ya asilimia 1 lakini inahitaji timu iliyo tayari kuitoa papo hapo.

Maswali ya kumpelekea bingwa, kwa maneno haya haya:

- Unadhani ni AVNRT, uzi wa ziada, au kitu kingine, na ECG ipi inakufanya udhani hivyo?
- Wewe mwenyewe umefanya ngapi za aina hii, na wangapi waliishia na kifaa cha mapigo?
- Mnatumia ramani ya 3D ili kupunguza eksirei?
- Kugandisha kwa baridi kunapatikana hapa?
- Mkikuta kitu tofauti na mlichotarajia, mtafanya nini nikiwa usingizini?

Anayekasirishwa na swali la pili, tafuta mwingine.

Kama mimba iko kwenye mipango

SVT huongezeka wakati wa ujauzito, na dawa za mdundo huepukwa inapowezekana katika miezi mitatu ya kwanza. Zikihitajika baadaye, metoprololi, propranololi au verapamili hutangulia. Atenololi huepukwa kwa kuwa huhusishwa na mtoto kutokua vizuri, na amiodaroni huathiri thairoidi ya mtoto. Kupuliza, adenosini na hata shoti ya umeme hutumika wakati wa mimba. Mwanamke mwenye mashambulio ya mara kwa mara anashauriwa kuchomwa kabla ya kushika mimba, na huu ni mmoja kati ya ushauri ambao hatuoni sababu ya kuuchelewesha.

Baada ya kuchomwa

Wiki ya kwanza usinyanyue mizigo mizito. Uvimbe wa kinena unaokua, homa, maumivu makali ya kifua, pumzi kukatika, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni wa kurudi hospitali mara moja. Michubuko inayoshuka pajani ikiwa laini ni kawaida.

Kwa wiki kadhaa utahisi mapigo ya kuruka, na hisia kwamba shambulio linataka kuanza, kisha linakatika. Pigo la mapema bado lipo, ila halina tena mzunguko wa kuingia. Mapigo ya utulivu yanaweza pia kuwa juu kidogo kwa muda. Kinachohesabika ni shambulio kamili: mwanzo wa ghafla, kasi ile ile, mwisho wa ghafla. Likitokea, linase kwa ECG kama mwanzo na urudi nayo. Kurudi kwa AVNRT hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya ishirini, kwa nyuzi za ziada ni zaidi kidogo, na mara nyingi hujitokeza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Aliyekuwa na WPW apigwe ECG siku ya kutoka na nyingine baada ya wiki chache kuona kama wimbi la delta limebaki mbali. Omba nakala ya ripoti ya utaratibu, inayoonyesha njia ilikuwa wapi na ilichomwa mara ngapi, pamoja na ECG ya kabla na ya baada, uzihifadhi kwenye simu. Miaka kumi baadaye, daktari mgeni atakayekupiga ECG kwa jambo jingine atazihitaji kulinganisha.